Maji ya Mtera na Birika la Jikoni

Juma lililopita niliandikiwa barua fupi na mama mmoja wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Anaeleza kuwa usiku mmoja taa zilizimika wakati binti yake yumo katikati ya kujisomea kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Baada ya mshumaa kuwashwa, mtoto aliuliza: bwawa kubwa kuliko yote limekwisha kujengwa, maji yamejaa, basi umeme umekwenda wapi? Mama huyo anakiri kuwa hakuwa na jibu. Anaomba ukurasa huu ueleze, kwa lugha ya nyumbani wala si ya kihandisi, bwawa hufanya nini hasa, na je, waliohamishwa ili lijengwe walipata nini?

Swali la kwanza lina majibu mengi, na mengine yako kwenye nguzo ya mtaani kwake wala hayahusiani na bwawa lolote. Umeme waweza kujaa tele mtoni na usifike jikoni kwa sababu ya waya mmoja uliokatika au transfoma moja iliyozidiwa. Lakini hilo la pili lilinikaa moyoni. Siku ya Jumamosi nilipanda basi la Iringa, nikashuka Mtera.

Kutoka Dodoma hadi Mtera ni kiasi cha kilomita 130. Unapita Fufu, unapita Chipogolo, nchi inazidi kuwa kavu, mibuyu inazidi kuwa minene, na mwezi wa Oktoba hakuna jani bichi ila la mkaktasi na mnyaa. Kisha, bila ya dalili yoyote, unaona bahari. Sina neno jingine. Kwa mtu aliyezoea kuyapima maji kwa ndoo na kuyanunua kwa dumu, kuona maji yanafika upeo wa macho katika nchi ya Wagogo ni jambo la kumfanya anyamaze. Wazee wanasema hata jina la Dodoma lenyewe linatokana na kuzama: tembo alikwenda kunywa, akadidimia topeni. Basi huku Mtera ilizama nchi nzima.

Bwawa hili lilijengwa kati ya miaka ya 1975 na 1979, mahali ambapo Ruaha Mkuu unapita mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Ukuta wake una urefu wa mita 260 tu na kimo cha mita 45. Mtu mwenye haraka aweza kuuvuka asijue kuwa amepita mahali pa maana. Lakini nyuma ya ukuta huo mdogo maji yakijaa huenea kwa urefu wa kilomita 56 na upana wa kilomita 15 hivi, yaani zaidi ya kilomita 600 za mraba. Mito mitatu inalilisha: Ruaha Mkuu wenyewe kutoka bonde la Usangu, Ruaha Mdogo kutoka upande wa Iringa, na Kizigo unaotoka huku kwetu katika uwanda wa kati, ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu.

Wengi hawajui kuwa Mtera haikujengwa kwanza kwa ajili ya kufua umeme. Ilijengwa kuwa mtungi. Mwaka 1975 kilikuwa kimefunguliwa kituo cha Kidatu, kiasi cha kilomita 170 chini ya mto, kwa msaada na mikopo ya Sweden na Benki ya Dunia. Mwaka 1980 Kidatu ilifikia megawati 204, ikawa ndiyo tegemeo la taifa. Sasa tazama kasoro yake. Bwawa la Kidatu lina mita za ujazo milioni 125 tu, na mitambo yake ikizunguka yote kwa pamoja hunywa kiasi cha mita 140 za ujazo kila nukta ya saa. Fanya hesabu, ndugu msomaji: kama mto ungekauka, bwawa hilo lingekwisha kwa siku kumi. Kiangazi chetu si cha siku kumi. Mvua za Dodoma, takribani milimita 550 au 570 kwa mwaka, huanza Desemba na kuaga Aprili. Hivyo ilibidi pawepo mtungi wa kuweka akiba ya masika ili itumike hadi Novemba, na mtungi huo ndio Mtera, wenye maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 unapojaa. Mitambo yake yenyewe, miwili ya megawati 40 kila mmoja, iliyowekwa ndani ya mwamba chini ya ardhi, ilianza kazi mwaka 1988.

Mama wa Chang'ombe aliomba lugha ya nyumbani. Tuchukue ndoo ya lita 20, ile ya kuchotea. Pale Mtera maji huanguka kiasi cha mita 100 kabla ya kurudi mtoni, na Kidatu huanguka tena mita 175 hivi. Ndoo moja ikipita vituo vyote viwili hutoa umeme wa kuwasha taa ya kisasa ya wati 10 kwa muda wa saa moja na robo. Si haba. Lakini sasa tia birika la umeme, ujaze lita moja na nusu, uchemshe chai ya asubuhi. Birika hilo limekunywa ndoo 12 au 13 za Mtera kabla hujatia majani. Na hapo sijahesabu umeme unaopotea njiani katika nyaya. Tangu nifanye hesabu hii sijazi tena birika kwa ajili ya kikombe kimoja, na mke wangu ananicheka.

Kwa hiyo bwawa ni akiba ya maji na pia ni akiba ya mwinuko. Maji yaliyo chini hayana faida kwa mitambo. Mtera linahesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi 690 mitambo hutakiwa kusimama. Tofauti yake ni mita nane na nusu. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam, viwanda vya Morogoro na hospitali za Dodoma vilining'inia kwenye mita hizo nane na nusu, na kila mtu aliyekuwa na redio alijua kina cha Mtera kama ajuavyo bei ya sukari.

Jua nalo hunywa. Katika nchi hii ya joto na upepo, maji yaliyo wazi hupoteza karibu mita mbili kwa mwaka kwa kugeuka mvuke. Zidisha kwa kilomita 600 za mraba, utapata zaidi ya mita za ujazo bilioni moja zinazopaa angani bila ya kuzungusha chochote. Bwawa pana lisilo na kina ni sawa na sinia: huonekana lina maji mengi, nayo hukauka upesi. Wahandisi walilijua hilo, lakini nchi ya tambarare haitoi mtungi mwembamba.

Pale Mtera nilimkuta mzee mmoja ameketi chini ya mti karibu na mahali samaki wanapoteremshwa. Nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, naye akaniitikia marahaba kwa Kiswahili safi, akaniuliza kama nimetoka serikalini. Nilipomwambia kuwa mimi ni wa gazeti alicheka, akasema wa gazeti huja wakati maji yamekwisha, na mwaka huu bado yapo.

Alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe nchi ilipozama. Familia yake ilikuwa imekwisha kuhama mara moja, wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, walipoacha matembe yao yaliyotawanyika na kwenda kukaa pamoja kijijini. Hawajakaa sana, likaja bwawa. Akaninyoshea kidole upande wa maji, palipokuwa na miti mikavu imesimama kama watu wanaosubiri. Miti ile haikukatwa kabla ya maji kuja. Hata leo imo, myeupe kwa kinyesi cha ndege, na nyavu nyingi zimepasukia humo. Nyuma ya miti ile, alisema, ndiko malisho ya baba yake yalikokuwa, na ndiko makaburi ya babu zake yaliko. Nikamwuliza kuhusu fidia. Akajibu kuwa yeye alikuwa mtoto, habari hizo alikuwa nazo marehemu baba yake. Hakutaka kuendelea, nami sikumlazimisha.

Kutambika ndiko alikotaka kuzungumzia. Mvua inapochelewa, mtu huenda kaburini kwa wazee wake. Sasa wao waende wapi? Kuna miaka, akasema, maji yalipungua mno hata nchi ya zamani ikatokeza, ikiwa ni tope lililopasukapasuka, nao wakaenda kwa miguu kutafuta. Wasilione kaburi, lakini walifika mahali wanapopakumbuka. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikuwahi kulifikiri: mwaka ambao sisi wa mjini tulikuwa gizani tukilalamika, yeye alikuwa amepata kwenda kwao.

Miaka hiyo tunaikumbuka. Mwaka 1992, kisha 1994, kisha 1997, nchi ililala kwa mgawo wa umeme. Masika ya El Niño ya 1997 na 1998 yakalijaza bwawa upya. Mwaka 2006 ukame ukarudi kwa nguvu, Mtera ikashuka chini kabisa, na zikaletwa mashine za kukodi za dharura. Mkataba mmoja wa dharura hiyo ulizua mjadala Bungeni uliomfanya Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa, ajiuzulu Februari 2008. Ni nchi chache ambazo kina cha bwawa kimehusika kiasi hicho na historia ya siasa. Oktoba 2015 ukame uliisimamisha mitambo tena.

Na kila maji yalipopungua alitafutwa mwizi. Macho yalielekea juu ya mto, Usangu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wenye makundi makubwa. Ni kweli kwamba mpunga ule umeongezeka sana, na ni kweli kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki wamesongamana katika madimbwi. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima kuacha kutiririka ni msiba, wala sitaki kuupunguza. Lakini watafiti waliolichunguza bonde hilo baadaye walionyesha kitu cha ajabu kidogo. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi, yale yanayogombewa na wakulima, ni kidogo mno kulinganisha na mtungi. Hata yote yangefika, bwawa lisingejaa. Walisema pia kuwa sehemu ya upungufu wa miaka ya 1990 ilitokana na jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, maji yakiachiwa wakati yalipofaa kuwekwa. Basi mwizi mmoja alikuwa ameketi ofisini ilhali anayesakwa yuko porini.

Hata hivyo wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na pori lile likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008. Ng'ombe wengi waliswagwa hadi Lindi, Kilwa na Rufiji. Mimi sina ugomvi na hifadhi. Mto lazima ulindwe kwenye chanzo. Ila naona kuwa mtu mwenye ng'ombe na mtu mwenye birika hawakuwahi kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Kisa cha Kihansi kinafanana, ingawa aliyehamishwa huko hakuwa mtu. Kituo kile cha megawati 180, katika milima ya Udzungwa, kilianza kazi mwaka 1999 na 2000. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, maporomoko yakapungua, na manyunyu yake yakakosekana kwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye haishi mahali pengine popote duniani, tena hazai mayai bali huzaa watoto kamili. Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996 tu. Mia tano kasoro mmoja walipelekwa Marekani kwa ndege mwaka 2000, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Zikawekwa bomba za kunyunyizia maji, lakini ugonjwa wa ukungu ukawamaliza waliobaki, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 wakarudishwa wale waliozaliwa ugenini. Tulicheka sana vibarazani kuhusu chura kupanda ndege wakati watu wanatembea kwa miguu. Mimi nilicheka pia. Sasa sicheki sana, kwa kuwa nimemwona mzee asiye na kaburi la babu yake, na yeye hakuna aliyempandisha ndege.

Turudi kwenye swali la binti. Bwawa alilolitaja ni lile la Julius Nyerere, katika bonde la Rufiji, mahali palipoitwa Stiegler's Gorge kwa jina la Mzungu anayesimuliwa kuwa aliuawa na tembo huko mwaka 1907. Wazo lake ni la zamani. Mwaka 1975 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Bonde la Mto Rufiji ili kulitimiza, likalala kwa zaidi ya miaka arobaini. Mkataba na makampuni mawili ya Misri ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na wa tisa mwaka 2025. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo mmoja tu wa huko unaishinda Kidatu nzima, ile tuliyoililia kwa miaka arobaini.

Na maji yake? Sehemu yake ni haya haya. Ruaha Mkuu ukishatoka Mtera na Kidatu hukutana na Rufiji juu kidogo ya bonde lile. Ndoo yetu ya lita 20, iliyotoka Kizigo huku Manyoni, sasa hufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini.

Huko nako wapo walio chini ya mto. Wakulima wa Rufiji tangu zamani hupanda mpunga kwa kufuata mafuriko, na mafuriko ndiyo mbolea yao, kwa sababu huleta tope. Bwawa huzuia tope. Aprili 2024, mvua zilipokuwa kubwa mno, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilifunikwa. Wananchi wengine wakalinyoshea bwawa kidole, na Serikali ikajibu kuwa mvua zilizidi kiasi na mafuriko huko si mageni. Yote mawili yaweza kusemwa na mtu mkweli. Mito hiyo ilifurika kabla ya ukuta wowote. Lakini ukuta ukishakuwepo, mwenye funguo za milango ndiye anayeulizwa.

Nchi nyingine zilipitia haya kabla yetu. Kariba, kwenye mto Zambezi, iliwahamisha Watonga wapatao 57,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Akosombo ya Ghana, mwaka 1965, iliwahamisha watu kama 80,000. Mtera haikufikia idadi hizo, kwa kuwa nchi hii ina watu wachache na nafasi kubwa. Nadhani hiyo ndiyo sababu habari zao hazikuandikwa sana.

Je, walipata nini? Nilimwuliza mama mmoja anayekaanga perege kando ya barabara, ambaye ni wa huko huko. Alinitazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Walipata samaki, akasema. Kabla ya bwawa Wagogo wengi wa hapa hawakuwa wavuvi. Wavuvi walikuja kutoka Kanda ya Ziwa na Nyasa na mitumbwi yao, wenyeji wakajifunza. Yeye anasomesha watoto watatu kwa kikaango. Perege na kambale wa Mtera hula Dodoma, hula Iringa. Maji yanaporudi nyuma, watu hupanda mahindi na mboga kwenye unyevu ulioachwa, na ng'ombe hupata majani mabichi katikati ya kiangazi. Umeme? Akacheka. Kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya vijiji hivi zikielekea Dodoma na Mwanza, na chini yake watu walisomea kibatari. Taa za vijijini zilianza kuja kwa kasi baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, yaani karibu miaka ishirini baada ya mitambo ya Mtera kuwashwa. Sasa yeye ana taa. Ila kikaango chake bado kiko juu ya mkaa, kwa kuwa, asema, kukaanga samaki wa siku nzima kwa umeme ni kumkaangia mwenye luku.

Hapo niliwakumbuka wale waliosema kuwa mabwawa yangeokoa misitu. Kando ya barabara yote hadi Dodoma nilihesabu magunia ya mkaa mpaka nikachoka.

Jioni, kabla ya basi, nilirudi kumwaga mzee. Nikamwuliza, kwa kuwa ameyatazama maji hayo kwa miaka zaidi ya arobaini, je, mwaka huu yatatosha hadi mvua? Hakunitajia mita. Kwenye ile miti mikavu kuna alama nyeupe zinazoonyesha maji yalifika wapi kila mwaka, na yeye huzisoma. Akanionyesha shina la mbuyu lililokuwa limetokeza nusu. Likitokeza lote kabla ya Desemba, akasema, nyinyi wa mjini nunueni mishumaa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hilo likitokea yeye ataweza kuvuka kwenda ng'ambo ile kutazama.

Nilinunua perege wanne, nikapanda basi.